Kondoo wa Mfereji

Jumamosi iliyopita nilirudi kota. Sikuwa na hamu hata kidogo. Mimi sasa naishi Sombetini, nina genge langu la mboga, na Jumamosi ndiyo siku ya wateja. Lakini jirani yetu wa zamani, yule mama wa Kipare aliyekuwa akikaa mlango wa pili kutoka kwetu, alinipigia simu. "Mwanangu, funga genge uje. Wanataka kuanzisha bustani hapa kota. Na unajua nani amewekwa kiti cha mbele?" Nikamwambia sijui. Akacheka kile kicheko chake cha puani. "Njoo ujionee mwenyewe."

Nikaenda. Kota ziko palepale, upande wa barabara ya Moshi, zile nyumba ndefu za matofali walizojengewa wafanyakazi wa kiwanda enzi hizo. Kiwanda kilishakufa. Kila mlango siku hizi una kibanda mbele yake, huyu anauza chipsi, yule anasuka nywele, yule anachaji simu. Walikuwa wamepanga viti vya plastiki uani, na binti mmoja wa huo mradi wa bustani, mpole, msomi, ametundika karatasi kubwa ukutani. Imechorwa matuta ya kijani, tangi la maji, njia za kupita, hata benchi la kupumzikia. Bustani ya chakula ya wakazi wote, alisema. Tupange wote, tulime wote, tule wote. Maneno mazuri. Sina ugomvi na maneno.

Halafu akamkaribisha mzee wa kufungua kikao, na aliyesimama ni Katibu.

Katibu wetu yule yule. Nywele nyeupe, koti zito, fimbo ya kutembelea, na vijana wanamwamkia "shikamoo mzee" kwa heshima zote. Akakohoa, akasema, "Wananchi wenzangu, bustani hapa si jambo geni. Sisi wazee wenu tuliianzisha zamani, ikasifika mkoa mzima. Ilikufa kwa sababu moja tu. Wananchi walikosa ushirikiano."

Watu wakapiga makofi. Mimi mikono yangu niliifunga ndani ya khanga, maana sikuiamini.

Basi ngoja nikusimulie wewe, ndugu yangu, maana pale sikuachiwa nafasi ya kusema yote. Na waliohusika nitawataja. Nawaita kwa kazi zao kwa sababu ndivyo tulivyowaita, na kila mtu wa kota aliyebaki hai anawajua. Wa kwanza ni Katibu wa kamati. Wa pili ni Mwalimu. Wa tatu ni fundi wa mitambo kiwandani, ambaye ni baba yangu mzazi. Hata yeye simfichi.

Nilipokuwa mdogo, ule uwanja nyuma ya kota ulikuwa jalala. Vyuma vya kiwanda, majivu, mizoga ya paka, na katikati mfereji mkavu ambao hakuna aliyejua ulichimbwa na nani. Sisi watoto tuliufanya barabara ya magari yetu ya makopo. Ndipo akaja Bibi, mama yake baba. Babu alikuwa amefariki huko mlimani, Mama alikuwa na watoto wadogo, Bibi akaja kusaidia. Alikuwa Mmeru wa migomba na kahawa, Mlutheri wa kuwahi kanisani kabla ya kengele. Asubuhi yake ya kwanza kota alitoka na mswaki wa mti mdomoni, akasimama pembeni ya lile jalala, akaliangalia kama mtu anavyoangalia chakula kilichomwagwa. Halafu akaufuata ule mfereji kwa macho, juu, juu, mpaka kwenye mlima. Meru siku hiyo ulikuwa wazi.

"Huu mfereji haujafa," alisema. "Umefungwa. Na aliyeufunga yuko hai huko juu."

Kiwanda wakati ule kilikuwa kimeanza kusuasua. King'ora cha asubuhi kililia leo, kesho kisilie. Vyungu vikaanza kuwa na maji mengi kuliko maharage. Ndiyo maana Bibi aliposema tulime lile jalala, hakuna mama aliyemcheka.

Walipanga pale kwenye karo la kufulia, nguo zikiwa bado zimelowekwa. Hakukuwa na karatasi. Bibi aliwapa kila mama jani moja la mgomba, akasema, "Nenda kaliweke unapotaka tuta lako, halafu tugombane." Na waligombana! Mama wa Kipare alitaka magimbi na tangawizi kandokando ya mfereji. Mama mmoja wa Kiarusha, mke wa mlinzi, alisema yeye anajua mahindi na maharage, vingine vyote ni nyasi.

"Wewe kila kijani unakiita nyasi," Mama wa Kipare akamwambia. "Siku moja utaitafuna khanga yangu ya kijani."

"Na wewe mchicha wako, umeshaona mtu ameshiba mchicha?"

"Mume wangu ameshiba. Mwangalie."

"Yule ameshiba pombe, shoga."

Karo zima likalipuka kicheko. Jani likahamishwa huku, likarudishwa kule, mpaka ikapatikana sura ya bustani ambayo kila mtu amenung'unika kidogo na hakuna aliyelia. Upande wa juu, migomba ya wote. Chini yake matuta, mlango kwa mlango. Kila tuta lina mwenyewe, ila anayepita na njaa anachuma majani ya kupikia siku hiyo, haulizwi.

Katibu alikuwa hapo tangu mwanzo, sikatai. Alikuwa kijana, karani wa stoo kiwandani, mwenye kalamu mfukoni hata siku ya Jumapili. Akina mama walimchagua awe katibu wa kamati ya bustani kwa sababu alijua kusema na meneja. Kazi hiyo aliifanya, na uwanja tukapewa.

Lakini Bibi alikataza mtu asinyanyue jembe kwanza. "Tutapanda nini bila maji? Na maji yana wenyewe."

Kule kwetu mlimani, mfereji una wazee wake. Wao ndio wanaolinda banio, pale maji yanapogawanywa, na wao ndio wanaosema leo zamu ni ya nani. Huwezi kutoka tu chini huko na ndoo yako. Kwa hiyo Bibi alipika mbege, siku kadhaa nyumba nzima ikinuka ndizi zinazochacha na kimea cha ulezi, na wakapanda: Bibi, Baba, Mama wa Kipare, na Katibu. Nilichukuliwa na mimi kubeba kata za kunywea. Wazee walitukalisha chini ya migomba. Wakanywa polepole. Hawakuwa na haraka ya kujibu. Mwisho mkubwa wao, aliyekuwa na jicho moja jeupe, akasema, "Maji hatuuzi, mama. Anayekunywa chini amkumbuke anayekaa juu. Mkija kusafisha mfereji na sisi, mkaleta na kondoo dume mmoja kila mwaka mvua za masika zikiisha, maji yenu ni Jumanne na Ijumaa."

Katibu akajibu kwa niaba ya kota, "Tumekubali." Kwa mdomo wake. Nilikuwa nimeshika kata, nilimsikia.

Sasa nikueleze nini kuhusu ile bustani? Ijumaa tulikuwa tunatoka shule mbio, tunalala kifudifudi kando ya mfereji, sikio chini, kusikiliza. Maji hayaji kimya. Kwanza unasikia kama mtu anavuta gunia kwenye majani makavu. Halafu linakuja povu limebeba majani, maua ya kahawa, mdudu anayehangaika, na nyuma yake maji yenyewe, baridi ya kuuma meno. Tulipiga kelele "Yamefika!" na akina mama wakatoka na majembe kukata njia, huyu anafungua tutani kwake, yule anamfokea, "Funga wewe, umeshalowesha mpaka kitanda!" Jioni kota nzima ilinuka udongo uliolowa na mboga ya mnafu inayochemka. Mama alipika loshoro, ndizi zilizopondwa na maziwa mgando. Makande yalikolezwa magadi mpaka maharage yakawa laini kama siagi. Bibi alikuwa na msemo wake, "Mtoto aliyeshiba hana siri," na kweli tulikuwa tunapayuka mpaka tunachapwa.

Na kulikuwa na kondoo. Kila mwaka kota ilinunua mwanakondoo, tukamlea katika zizi dogo pale kwenye migomba. Alikula mabaki ya matuta yote, kwa hiyo alikuwa wa wote. Alinenepa mkia mpaka akawa anatembea kama mama mwenye mimba. Watoto tulipopita tulimwamkia, "Shikamoo mzee!" na mmoja wetu alijificha nyuma ya zizi akijibu, "Marahaba." Bibi alicheka mpaka akashika mbavu. Masika ikiisha alipelekwa juu, na mkia wake, ule wa mafuta, ulikuwa wa yule mzee wa jicho jeupe. Ndivyo mambo yalivyokwenda, na miaka hiyo hakuna mtoto wa kota aliyelala njaa, hata kiwanda kilipokuwa hakijalipa mtu.

Sifa ndizo zilizotuua. Watu wa ofisi walianza kuja kutazama. Katibu akawa anawatembeza, akisema "bustani yangu ya mfano". Yangu! Akaacha kushika jembe. Kisha siku moja akaja karoni amevaa tai, akatangaza kwamba mgeni rasmi anakuja kuikagua bustani yetu, mtu mkubwa kabisa, na kamati imeamua kumwandalia.

"Mimi nina jogoo," Mama wa Kipare akasema. "Mkubwa, anawika mpaka Usa, kule njia ya Moshi, wanasikia."

"Mgeni rasmi ale jogoo wa kota?" Katibu akamwambia. "Unataka kutuaibisha? Kondoo yupo."

Masika ilikuwa inaelekea mwisho. Kondoo alikuwa amebakiza siku chache apelekwe.

Bibi akasema, "Huyo si wetu. Ni wa mfereji."

Hapo ndipo Mwalimu alipoingia. Alikuwa anafundisha shule yetu, na kanisani alikuwa mzee wa kanisa, neno lake lilikuwa zito. Akasema, "Bibi, hayo ni matambiko. Sisi ni Wakristo. Kupelekea wazee kondoo kwa ajili ya maji ni ushirikina, na mimi nilikuwa nangoja siku ya kulisema."

"Mwalimu, mimi nilibatizwa mama yako akiwa binti," Bibi akamjibu. "Hatumchinjii mzimu. Tunampelekea jirani. Wewe ukipewa kitu na jirani unamrudishia nini, zaburi?"

Wengine walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Mwalimu alikunja uso. Katibu akamgeukia Baba, ambaye ndiye alikuwa mchinjaji wa kota siku za sikukuu. "Fundi, unasemaje?" Na baba yangu, mtoto wa mlimani, aliyekuwa amekunywa kutoka kata ile ile na wazee wale wale, alikuwa na hofu ya kupunguzwa kazini. Katibu alikuwa karibu na meneja. Baba akaangalia chini. "Mama," akamwambia Bibi, "tutanunua mwingine."

Hawakununua mwingine. Nitasema hivyo mpaka nizikwe. Hakuna aliyenunua mwingine.

Alichinjwa asubuhi. Watoto tulifungiwa ndani lakini tulisikia. Mgeni rasmi alikuja na magari, akatembea katikati ya matuta kwa viatu vya kung'aa, akasema "hongereni sana", akapigwa picha ameshika kabichi. Alipokaribishwa chakula, akaomba samahani, daktari amemkataza nyama. Alikula ndizi moja, akanywa soda, akaondoka. Basi. Kondoo wa mfereji akaliwa na kamati. Nilimwona Katibu kwa macho yangu haya akienda kwake na ule mkia umefungwa kwenye gazeti, mafuta yamelowesha habari zote. Bibi alitukataza kugusa hata mchuzi. Alisema, "Anayekula nyama hii anakunywa maji ya wanawe." Mama alilia, akamwaga bakuli aliloletewa.

Ijumaa iliyofuata tulilala kifudifudi, sikio chini. Hakuna kitu. Tukangoja mpaka shavu likapata alama za kokoto. Jumanne tena tukangoja, hakuna kitu.

Bibi hakushangaa. Alikwenda kukata jani la isale, lile jani refu ambalo Wameru na Wachaga wakikosana, mkosaji analibeba kwa mkono akaombe radhi, na mtu akiletewa isale ni vigumu sana kukataa. Akapita kwa Katibu, akapita kwa Mwalimu, akamwamsha Baba. "Twendeni." Katibu akasema ana kikao. Mwalimu akasema hawezi kushika jani la kipagani. Baba akasema ana zamu kiwandani, na kiwandani siku hiyo hata king'ora hakikulia.

Tukapanda wawili, Bibi na mimi. Njia nzima alikuwa ameshika lile jani mbele yake, hakulibadilisha mkono. Wazee walitupokea vizuri. Walitupa maziwa. Bibi akapiga magoti, akanyoosha isale, na yule mzee wa jicho jeupe hakulipokea. Alimshika Bibi mkono akamwinua.

"Mama, wewe hujatukosea. Nikilipokea jani hili kwako, nitakuwa nimekuonea. Aliyekula aje. Hata akija bila kondoo. Aje tu, aseme."

Umesikia hapo? Hata bila kondoo. Hata mikono mitupu. Maneno yale tuliyabeba kushuka nayo, Bibi akayafikisha kwa Katibu mbele ya akina mama, pale pale karoni. Katibu alinyoosha tai yake. "Mimi, mtu wa kamati, nipande mlima kumwangukia mzee asiyejua kuandika jina lake? Maji ni ya serikali." Wiki hiyo hiyo akapeleka mgambo. Wakavunja banio kwa sululu, maji yakaja siku moja, mengi, machafu, yakasomba mbegu. Watu wengine walishangilia. Bibi alikaa mlangoni akisema peke yake, "Sasa wamemalizia." Na kweli, wazee wakahamisha maji upande mwingine wa kilima kabisa, na mgambo hawezi kulinda mfereji siku zote.

Mchicha ulikufa kwanza. Halafu kabichi zikawa kama makaratasi. Migomba ilivumilia, ikazaa vidole vidogo vyenye uchungu, tukavila hivyo hivyo. Kiwanda kikafungwa mlango moja kwa moja. Yote mawili kwa pamoja, fikiria, mshahara hakuna na tuta hakuna. Mdogo wangu wa mwisho alianza nywele kuwa nyekundu na miguu kuvimba. Hospitalini daktari alisema ni utapiamlo. Mimi nilikuwa mtoto, sikulijua neno hilo, nikafikiri anataja jina lingine la yule kondoo. Hakuvuka. Tulimpeleka mlimani kumzika, na yule mzee wa jicho jeupe alikuja msibani, akakaa na baba yangu, hakumwambia neno hata moja. Baba ndipo alipoanza kunywa kwa kufa, na akafa.

Na Katibu? Alisimama kwenye kikao akasema kiwanja hakitumiki, ni aibu, kinaota magugu. Kikapewa mtu wa malori aegeshe magari yake, na msimamizi wa maegesho akawa nani? Huna haja ya kuniuliza. Mwalimu yeye alihamishwa akaenda zake, nasikia aliheshimiwa sana huko alikokwenda. Bibi alirudi kwenye migomba yake, hakukaa sana duniani. Mimi nilitolewa darasa la tano nikapelekwa mtaa wa Sakina kufanya kazi za ndani, kulea watoto wa watu nikiwa mtoto. Yaliyonipata kule sitayaeleza hapa. Nilitoka hai.

Kwa hiyo Jumamosi, Katibu alipomaliza hotuba yake, na binti wa mradi akasema sasa tuchague mlezi wa bustani, na mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mzee Katibu, nani mwingine!", mimi nilisimama. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu. Asipewe. Mengine yote walime wanavyotaka, ila yeye asipewe tena bustani.

"Binti yangu," nikamwambia yule wa mradi, "bustani ya kwanza haikufa kwa kukosa ushirikiano. Huyu mzee alikula kondoo wa mfereji, akaambiwa akaombe radhi, akakataa. Watoto walikufa hapa. Wa kwetu mmoja."

Kisha kijana mmoja mwenye kofia akauliza, "Kondoo? Mama, kondoo mmoja tu?" Na wakacheka. Sio kwa ubaya, nadhani. Walicheka kama mtu anavyocheka hadithi za sungura. Mama wa Kipare akanyanyuka kwa shida, magoti yanamsumbua. "Msicheke nyie. Ni kweli. Na mimi nilikula, nililetewa utumbo nikaupika. Nimekaa nao tumboni miaka yote hii." Akakaa, akajifuta macho kwa kilemba.

Wote wakamgeukia Katibu. Nikasema moyoni, sasa. Sema neno moja, mzee. Lile lile uliloombwa na wazee wa juu. Akaegemea fimbo yake, akatabasamu kwa watu, akasema, "Mnamsikia binti wa fundi! Kondoo mwenyewe hata hakututosha."

Walicheka mpaka viti vikalia. Mikono ikanyooshwa, akapita. Mlezi wa bustani.

Watu walipotawanyika, binti wa mradi alinifuata mpaka barabarani. Ana adabu yule mtoto, simlaumu. "Mama, pole sana. Lakini niambie, ulitaka afanye nini?"

Nikageuka kwanza, nikautazama mlima. Mwaka jana nilipanda kule. Penye banio pana ukuta wenye nyaya juu na mbwa mkali ndani. Mfereji umefukiwa, mahali pengine ni mtaro wa chupa na nepi za watoto. Yule mzee wa jicho jeupe amekufa, na wenzake wote, na watoto wao wameuza migomba wakahamia mjini, labda tunapishana nao Ngarenaro hatujuani. Maji ya kota leo yanatoka bombani. Yakikatika watu wanatukana bomba. Hakuna anayejua aliyeko juu yake ni nani, wala wa juu hajui nani anakunywa chini. Hata Katibu akiota usiku huu kwamba amekosa, kesho akakata isale, akapanda na zile nywele zake nyeupe, atampelekea nani? Atalinyoosha jani lake mbele ya ukuta, mbwa ambwekee.

Binti alikuwa bado ananingoja, michoro yake ya kijani imeviringishwa kwapani.

"Nilitaka aende," nikamwambia, "wakati waliokuwa wanamngoja walikuwa hai."